Damu, Unga na Kisu cha Vitunguu: Uchambuzi wa Kisa cha Kijana wa Pasua, Moshi

Kisa kinachochambuliwa hapa kimeundwa kwa kuunganisha mambo yanayojirudia katika mashauri ya uraibu na jinai, kisha kikawekwa Moshi. Hakuna kijana mmoja anayeweza kunyooshewa kidole kwamba ndiye. Sheria, tafiti na takwimu zinazotajwa ni za kweli. Nimekiandika kwa urefu kwa sababu swali la ndugu wa kijana huyu, yaani kama kipimo cha vinasaba kinaweza kumwokoa mahakamani, ni swali la haki, na kwa kawaida hujibiwa kwa njia mbili ambazo zote ni mbovu: ama mtu huambiwa kwamba mhalifu huzaliwa, ama huambiwa kwamba damu haihusiki na lolote.

Tukio na yaliyolitangulia

Kijana ana miaka 24. Alizaliwa Uru, karibu na mji wa Moshi, mtoto wa pili kati ya watoto wawili wa kiume. Baba yao alikuwa fundi mwashi aliyekunywa mbege siku za kazi na gongo siku asizokuwa na kazi, na aliwahi kufungwa kwa kumvunja jirani mkono katika ugomvi wa mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo. Alifariki kijana akiwa na miaka sita. Mama aliolewa kwingine, kaka mkubwa akabaki kwa bibi, na yeye akachukuliwa na baba mdogo aliyekuwa na nyumba Pasua. Huko ndiko alikoonja mkanda, waya wa umeme na kufungiwa nje usiku, na siku moja akamwagiwa maji ya moto mgongoni kwa kosa la kupoteza hela ya mafuta ya taa. Kovu lake bado linaonekana akivua shati. Bangi aliianza akiwa darasa la saba. Alipofika miaka 18, akiwa mpiga debe stendi, alionjeshwa kokteli, yaani msokoto wa bangi ulionyunyiziwa heroini, na haukupita muda mrefu akawa hawezi kuianza siku bila kete, yaani kipimo kidogo cha heroini.

Usiku wa kuamkia siku ya tukio alivuta kete ya mwisho saa nne. Asubuhi aliamka hana hata mia. Ilipofika saa tatu alikuwa anapiga miayo mfululizo, kamasi zinamtiririka, vinyweleo vimesimama ilhali jua limeshawaka, na tumbo linamkata. Wenyewe huiita hali hiyo arosto. Mwenzake wa kijiweni akampa vidonge vya Valium, dawa ya kutuliza, naye akavisukumia na gongo. Karibu saa sita mchana aliingia soko la Mbuyuni kwa mama yake mdogo, ambaye ni mama lishe na ambaye mara nyingi alimpa sahani ya wali bila malipo. Akamwomba elfu tano. Mama mdogo akamjibu, "Kaa ule kwanza, baba. Hela sina." Kijana hakukaa. Alichukua kisu kilichokuwa juu ya ubao wa kukatia vitunguu, akakata mkanda wa kibegi alichojifunga kiunoni mama huyo, na katika kuvutana kisu kikamchana kiganja cha mkono wa kushoto. Alikimbia na mauzo ya asubuhi. Kabla ya jioni alikutwa amelala kibarazani nyuma ya soko, akiwa na kete mbili mfukoni, na alipoulizwa alikumbuka kuomba hela na kukimbia, lakini hakukumbuka damu.

Ameshtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha chini ya kifungu cha 287A cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kosa ambalo adhabu yake haipungui kifungo cha miaka 30 na ambalo halina dhamana. Yuko mahabusu gereza la Karanga akisubiri shauri lisikilizwe.

Kikao cha ukoo

Ndugu walikaa kikao Uru. Baba mdogo, aliyemlea, alisema maneno yaliyowafanya wengi waitikie kwa vichwa: "Mtoto wa nyoka ni nyoka. Baba yake alikuwa hivi hivi." Mjomba, ndugu wa mama na mwalimu mstaafu, alikuwa amesikia kwamba Ulaya na Marekani kuna washtakiwa waliopimwa wakakutwa na jeni ya ukatili, wakahurumiwa na mahakama. Akapendekeza ndugu wachange ili kijana apimwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Wazee hawa walibishana hadi chai ikapoa, lakini ukisikiliza vizuri utaona walikuwa na imani moja: kwamba ndani ya damu ya kijana kuna kitu kimoja kilichouongoza mkono wake. Mmoja alikitumia kumtupa, mwingine kumtetea.

La kipimo ndilo jepesi zaidi, tulimalize kwanza. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo ndiyo yenye jukumu la kusimamia masuala haya chini ya Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, inajulikana kwa wananchi kwa vipimo vya utambuzi: mtoto ni wa nani, damu iliyo kwenye shati ni ya nani, mwili ulioungua ni wa nani. Kipimo cha aina hiyo husoma vipande vya vinasaba vilivyochaguliwa kwa sababu vinatofautisha mtu na mtu, wala havikuchaguliwa kwa sababu vinaeleza tabia. Ukikirudia mara kumi bado hakitakuambia lolote kuhusu hasira, tamaa au uraibu wa aliyepimwa.

Jeni aliyoisikia mjomba

Jeni hiyo inaitwa MAOA. Kazi yake ni kuuelekeza mwili utengeneze kimeng'enya kinachovunjavunja kemikali za ubongo zikiwemo serotonini, dopamini na noradrenalini baada ya kutumika. Ilipata umaarufu mwaka 1993, wakati Han Brunner na wenzake walipoeleza habari za ukoo mmoja wa Uholanzi ambamo baadhi ya wanaume walikuwa na hitilafu iliyoizima kabisa. Wanaume hao walikuwa na upungufu mdogo wa akili na milipuko ya ghadhabu, na miongoni mwao kulikuwa na waliochoma moto mali na waliojaribu kubaka. Ni hitilafu ya nadra mno, na hakuna chochote katika historia ya kijana wetu kinachoiashiria: shule alikuwa anafaulu mpaka alipoiacha, na mpaka siku ile hakuwa na sifa ya ugomvi.

Kinachozungumzwa mara nyingi zaidi ni tofauti ya kawaida ya jeni hiyo, ambapo wanaume wengine wana aina inayofanya kazi kwa nguvu na wengine aina dhaifu. Hapa kuna jambo ambalo kikao cha Uru kingefaa kulisikia. Jeni ya MAOA iko kwenye kromosomu X, mojawapo ya nyuzi za vinasaba zinazoamua jinsia. Mwanamume ana X moja tu, nayo huipata kwa mama yake; kwa baba hupata Y. Kwa hiyo hata kama kijana angekutwa na aina dhaifu, baba yake, pamoja na gongo lake na kifungo chake, asingekuwa na sehemu yoyote katika kumrithisha. Ingekuwa imetoka upande wa mama, upande ule ule wa mjomba aliyekuwa anatafuta kipimo na wa mama mdogo aliyechanwa kiganja. Sisemi hivi ili lawama ivuke mto iende kwa ukoo wa pili. Nasema hivi kwa sababu methali ya nyoka ilitamkwa kikaoni kama ushahidi, na kwa jeni hii ambayo ndiyo inayotajwa kuliko zote, ushahidi huo unaelekea kwingine kabisa.

Utafiti uliolifanya jina la MAOA livume nje ya maabara ulichapishwa mwaka 2002 na Avshalom Caspi, Terrie Moffitt na wenzao. Walikuwa wakifuatilia watoto 1,037 waliozaliwa Dunedin, New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na katika uchambuzi huu walitazama wanaume 442. Zaidi ya theluthi moja walikuwa na aina dhaifu. Kama aina hiyo peke yake ingekuwa inazaa wanyang'anyi, Mbuyuni pasingebaki mtu wa kuuza nyanya. Walichokiona ni kwamba aina dhaifu ilihusiana na ukatili na uhalifu hasa kwa wale walioteswa utotoni, kati ya umri wa miaka 3 na 11. Wanaume waliokuwa na mambo yote mawili, aina dhaifu na mateso, walikuwa asilimia 12 tu ya kundi, lakini walibeba asilimia 44 ya hukumu za makosa ya ukatili. Waliokuwa na aina dhaifu na kulelewa vizuri hawakuonyesha hatari hiyo. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote, ila uchambuzi wa mwaka 2014 uliokusanya tafiti 27 uliunga mkono matokeo hayo kwa upande wa wanaume.

Kijana wetu alichukuliwa Pasua akiwa na miaka sita. Miaka ya mkanda na maji ya moto inaangukia ndani kabisa ya kipindi ambacho watafiti wa Dunedin walikihesabu. Hatujui ana aina gani ya MAOA, na kwa maoni yangu haina umuhimu mkubwa tuijue, kwa kuwa nusu ya hesabu ambayo ina uzito zaidi imeandikwa mgongoni mwake na haihitaji maabara kuisoma. Aliyesimama kikaoni akasema kwamba nyoka huzaa nyoka ndiye aliyeshika sufuria ile ya maji. Sikuona ajabu kwamba hakuna aliyelisema hilo; kikao cha ukoo kina adabu zake, na aliyelisha mtoto miaka kumi na zaidi haulizwi alimlisha na nini kingine. Lakini mchambuzi akilifumbia macho atakuwa amechambua nusu ya kisa.

Urithi wa jeni nyingi

Baba hakumpa MAOA, lakini haina maana kwamba hakumpa kitu. Nchini Sweden, utafiti wa mwaka 2012 uliofuatilia watoto zaidi ya 18,000 waliolelewa na wazazi wasio wa damu ulionyesha kwamba matatizo ya dawa za kulevya yaliwapata asilimia 8.6 ya wale ambao angalau mzazi wao mmoja wa damu alikuwa nayo, na asilimia 4.2 ya wale ambao wazazi wao wa damu hawakuwa nayo. Ni karibu mara mbili, ingawa mzazi huyo hakuwalea. Hata hivyo utafiti huo huo ulikuta kwamba matatizo ndani ya nyumba iliyowalea nayo yaliongeza hatari, na takwimu zake zenyewe zinasema kwamba zaidi ya watoto tisa kati ya kumi waliotoka kwa wazazi wenye uraibu hawakuingia humo.

Denmark ilitangulia. Mwaka 1984 Sarnoff Mednick na wenzake walichapisha uchambuzi wa watoto 14,427 walioasiliwa. Hukumu za wazazi wa damu zilihusiana na hukumu za watoto wao kwa makosa ya mali, lakini uhusiano huo haukuonekana kwa makosa ya ukatili. Kwa kisa chetu tofauti hiyo si ndogo. Baba alifungwa kwa kuvunja mkono wa mtu. Kijana amekamatwa kwa kutafuta hela. Ndugu waliunganisha matukio haya mawili kana kwamba ni uzi mmoja, wakati utafiti huu wa watoto walioasiliwa haukuuona uzi huo upande wa ukatili.

Je, uraibu na uhalifu vinarithiwa kila kimoja kwa njia yake, au vina shina moja? Jibu lenye nguvu zaidi kwa sasa lilitoka mwaka 2021, katika uchambuzi wa taarifa za watu wapatao milioni moja na nusu. Ulipata maeneo 579 ya vinasaba yanayohusiana na mwelekeo wa kutojizuia, mwelekeo ambao ndani yake mna uvutaji wa bangi na sigara, ulevi uliokithiri na kupenda hatari. Athari ya kila eneo ni ndogo mno, na hata alama inayojumlisha athari za vinasaba vyote vilivyochunguzwa, si maeneo hayo peke yake, hueleza takriban asilimia kumi tu ya tofauti kati ya mtu na mtu. Maana yake ni kwamba baadhi ya vijana wanaoangukia unga na baadhi wanaoangukia wizi wamerithi kitu kile kile, yaani ugumu wa kusubiri na wepesi wa kujaribu, kabla hata ya unga kuwalazimisha kuiba. Hili lina ukweli wake kwa kijana aliyeanza bangi darasa la saba. Lakini pia tabia hiyo hiyo ndiyo iliyomfanya awe mpiga debe hodari, wa kwanza kulirukia basi linapoingia.

Uchambuzi huo ulifanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya. Kuubeba mzimamzima na kuuleta Kilimanjaro ni hatari, na mfano upo karibu. Kuna tofauti katika jeni ya OPRM1, jeni ya kipokezi ambacho heroini hufanyia kazi ubongoni, iliyochunguzwa mno Ulaya na Asia kama kielelezo cha nani ataathirika vipi na ulevi au heroini. Kwa watu wa Afrika tofauti hiyo ni adimu. Mtaalamu akisimama mahakamani Moshi na jedwali lililotengenezwa kwa wanaume wa nchi nyingine, hakimu ana haki ya kumuuliza jedwali hilo linamhusu nani.

Saa kumi na nne

Nimefika kwenye sehemu ambayo naona ina uzito kuliko zote, yaani saa kumi na nne kati ya kete ya mwisho na kisu. Mwaka 1985 Paul Goldstein alipendekeza njia tatu ambazo dawa za kulevya huzalisha ukatili: dawa yenyewe kubadili akili na mwenendo wa mtumiaji, mtumiaji kutafuta fedha za kununulia, na ugomvi wa biashara yenyewe. Njia ya tatu haimo humu. Mbili za kwanza zimo zote, lakini si kwa mpangilio ambao wapelelezi waliuandika, kwa kuwa maelezo yao yanasema kijana "alikuwa amelewa heroini".

Hakuwa amelewa heroini. Heroini humtuliza mtu, humsinzisha, humfanya akunje shingo kwenye benchi la stendi mpaka kidevu kiguse kifua. Kilichokuwa mwilini mwake mchana ule ni ukosefu wa heroini. Dalili za kuikosa huanza baada ya saa 6 hadi 12, hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, na sehemu kubwa ya mateso yake hutokana na noradrenalini kumwagika ubongoni baada ya breki iliyokuwa imeizuia kuondolewa ghafla. Hapo ndipo vinyweleo husimama na moyo hukimbia. Mtu wa namna hiyo ana lengo moja. Anaweza kupanga, anaweza kuomba kwa adabu, anaweza kuitambua sura ya mama yake mdogo. Asichokiweza ni kusubiri.

Juu ya hali hiyo akamwaga Valium na gongo. Dawa za jamii ya Valium zikichanganyika na pombe hulegeza kizuizi cha akili na hufuta kumbukumbu, na kwa baadhi ya watu huleta ukali badala ya utulivu. Kwa hiyo mambo mawili yalikutana: shida iliyomsukuma kutafuta hela, na mchanganyiko uliomwondolea sauti ya ndani ambayo siku nyingine zote ilimwambia akae ale. Miaka mingi aliwahi kuwa na arosto na akaenda kwa mama huyo huyo, akala, akaondoka akinung'unika. Tofauti ya siku hii ni vidonge na gongo. Jeni zake zilikuwa zile zile.

Je, hapa jeni na dawa havikutani? Vinaweza kukutana. Kimeng'enya cha MAOA kinavunja noradrenalini na dopamini, na kwa nadharia mtu mwenye aina dhaifu angeteseka kwa namna tofauti pale kemikali hizo zinapofurika. Watafiti wa Finland waliochunguza mamia ya wafungwa, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2014, walikuta aina dhaifu ya MAOA ikihusiana na ukatili mkubwa wa kurudiarudia, wakadhani kwamba ulevi wa pombe au amfetamini unaweza kuwa ndio unaoifanya ilete madhara. Wao wenyewe walionya kwamba matokeo yao hayafai kutumiwa kumpima mtu mmoja mmoja. Na kuna upande ambao watu huusahau, kwamba dawa nayo humgeukia yule yule mtenda kazi wa jeni: mwaka 1996 kundi la Joanna Fowler lilipiga picha za ubongo wa wavuta sigara na kukuta kimeng'enya hicho kimepungua kwa asilimia 28 wakilinganishwa na wasiovuta. Sigara ya kawaida hupunguza kimeng'enya kile kile ambacho jeni dhaifu inakipunguza, na hakuna anayeogopa kupita karibu na mvuta sigara sokoni. Kati ya kemikali na kisu kuna mambo mengi.

Kaka yake mkubwa ni fundi seremala, hanywi wala havuti. Ndugu walimtaja kama ushahidi kwamba kijana ni mkaidi tu. Ndugu wa baba na mama mmoja hushiriki takriban nusu ya tofauti za kurithi, na kwa MAOA uwezekano wa wawili hao kupata X ile ile ya mama ni nusu kwa nusu, hivyo kaka huyu hathibitishi lolote kuhusu jeni. Anachokionyesha, kwa kadiri jozi moja inavyoweza kuonyesha kitu, ni kwamba mtoto aliyebaki kwa bibi hakumwagiwa maji ya moto.

Mbele ya hakimu

Mjomba hakudanganywa kabisa. Mwaka 2009 mahakama ya rufaa ya Trieste, Italia, ilimpunguzia muuaji mmoja mwaka mmoja katika adhabu ya miaka tisa na miezi miwili baada ya kupokea ushahidi wa jeni zake, MAOA ikiwemo. Mwaka huo huo huko Tennessee, Marekani, wazee wa baraza walimtia hatiani mshtakiwa aliyekuwa na aina dhaifu na historia ya kuteswa utotoni kwa kuua bila kukusudia badala ya mauaji ya kukusudia. Alifungwa miaka 32, kwa hiyo asiulizwe mtu kama alitoka huru.

Lakini kesi zote mbili zilitegemea nafasi ambayo kijana wetu hana. Huko kulikuwa na kiwango cha kupunguza, au kosa dogo la kuangukia. Kifungu cha 287A hakimpi hakimu ruhusa ya kushuka chini ya miaka 30, iwe mshtakiwa ana jeni gani, aliteswa vipi au ameomba radhi kwa machozi kiasi gani. Ushahidi wa vinasaba uliotafutwa kwa michango ya ukoo ungesomwa baada ya mtu kutiwa hatiani, mahali ambapo hauwezi kubadili chochote.

Upo utetezi wa ulevi. Kifungu cha 14 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu dawa za kulevya kuwa ni ulevi, na kinaitaka mahakama iuzingatie ulevi huo inapoamua kama mshtakiwa aliweza kuwa na nia inayotakiwa na kosa. Nisingemshauri wakili wake auegemee sana. Kijana aliomba kwanza, akakataliwa, akachagua mkanda badala ya kitu kingine, akakimbia, akanunua kete alizozitaka. Hizo ni hatua za mtu mwenye nia, hata kama nia hiyo ilikuwa imetekwa. Kupoteza kumbukumbu baadaye si sawa na kukosa nia wakati ule, na wakili akilazimisha mambo hayo mawili yafanane, upande wa mashtaka utamuuliza mshtakiwa kuhusu zile kete mbili.

Swali lenye uhai ni la kisu. Unyang'anyi wa kutumia silaha unahitaji kwamba silaha ilikuwepo na kwamba mtu alitumiwa nguvu au kutishwa ili mali ichukuliwe. Kama kisu kilielekezwa kwenye mkanda, na kiganja kilichanwa kwa sababu mama aliushika mkanda huo, kuna hoja ya kupelekwa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka mapema, kabla ya shahidi wa kwanza, kwamba kosa linalolingana na ukweli ni wizi wa kutoka maungoni, ambao haufungwi na kiwango kile cha miaka 30, au unyang'anyi usio wa silaha. Hoja hiyo inaweza kukataliwa. Mama mdogo amesema hana hasira naye na angetaka yaishe nyumbani. Hawezi kuyamaliza, kwa sababu mlalamikaji ni Jamhuri. Anachoweza ni kueleza kwa ukweli kisu kilielekea wapi, na ukweli huo hauko kwenye maabara yoyote. Humo humo ndimo historia ya mateso ya utotoni inapoweza kuingia kwa manufaa, ikiwa imeandikwa na afisa ustawi wa jamii na kuambatana na maelezo ya daktari kuhusu kovu, kwa kuwa mwendesha mashtaka anayechagua shtaka ana hiari ambayo hakimu anayetoa adhabu hana.

Michango iende wapi

Ipo jeni moja ambayo huenda ikamfaa kijana huyu siku moja, nayo haina uhusiano na ukatili. Inaitwa CYP2B6, na ndiyo inayoongoza sehemu kubwa ya kazi ya ini ya kuivunja methadoni. Aina yake inayofanya kazi polepole hupatikana kwa wingi Afrika, Tanzania ikiwemo, na mwenye nayo hubaki na methadoni mwilini muda mrefu zaidi. Tiba hiyo ilianza Muhimbili mwaka 2011 na baadaye ikafika mikoa mingine. Mgonjwa, hasa mwanzoni, hunywa dozi yake kila siku mbele ya mhudumu, na wahudumu hupandisha dozi taratibu wakimtazama kama anasinzia au anatetemeka. Utaratibu huo unafanya kazi bila kipimo cha vinasaba. Kama ndugu wamekwisha kuchanga, fedha hizo zinafaa kumlipa wakili atakayeandika hoja ya kisu, na nauli ya kumfikisha kijana kliniki kila siku pindi atakapotoka.

Kuna jambo moja ambalo kaka yake, kwa kuwa ndiye anayemtembelea Karanga, anapaswa kuelezwa sasa. Kijana amepitia arosto yake mahabusu bila dawa, na mwili wake umesahau kiwango uliokuwa umekizoea. Iwapo atatoka, kwa kufutiwa shtaka au kwa kumaliza kifungo, akavuta au kujidunga kiasi alichokuwa akitumia siku ya tukio, kinaweza kumzuia pumzi akafa, na wiki mbili za kwanza baada ya kutoka gerezani ndizo zenye hatari kubwa kuliko zote. Asiachwe alale peke yake siku hizo, apelekwe kwa wahudumu wa methadoni kabla hajafika stendi, na makazi yake yawe kwa bibi Uru, wala asirudishwe Pasua kwa baba mdogo.